Mgono Ndani ya Tangi

Mkipita nyuma ya kiwanda chetu, upande wa mto Lumemo, mtaona tangi refu, jembamba, la chuma kisichoshika kutu, limeyapita mapipa mengine kwa urefu kama twiga kati ya mbuzi. Najua wengi wenu mnapiga picha mbele yake siku mnayoanza kazi. Siku nyingine msipige picha. Simameni tu karibu yake mvute pumzi. Hamtasikia kitu, labda harufu ya miwa inayopikwa. Hewa hiyo isiyonuka ndiyo kazi niliyoifanya maishani. Mageti, meza za shule na matela ya trekta yangefanywa na mtu yeyote mwenye mashine ya kuchomelea.

Mmeniomba niwaandikie jinsi lilivyotengenezwa. Nimekubali, ila naandika polepole, kama mtu anayechomelea bati jembamba, maana ukiharakisha unatoboa. Niliishia darasa la saba kule Mofu, na nilipokuja Ifakara kujifunza ufundi nilikuwa na haya kiasi kwamba nilitazama chini hata nikisalimiwa na mtoto. Nasema hivi mapema ili yule kati yenu anayejificha nyuma ya wenzake injinia anapouliza swali ajue kwamba namwandikia yeye kwanza.

Tuanze na kazi yenyewe. Maji ya miwa yakitoka kwenye kinu ni ya kijani cha matope, yana udongo, nta na vumbi la majani. Ili kuyasafisha tunayapasha moto, tunatia maziwa ya chokaa, yaani chokaa iliyokorogwa kwa maji, na wakati huohuo tunapitisha moshi wa salfa iliyochomwa. Moshi na chokaa vikikutana ndani ya maji vinazaa chembe nyeupe ndogo kama unga. Chembe hizo zinakamata uchafu na kuzama nao, na juu yanabaki maji safi ya kupikia sukari. Kwa hiyo ndani ya tangi moja mna moshi, maji na unga, na vitu hivyo vitatu havina hamu ya kukaa pamoja. Moshi unataka kupanda, unga unataka kuzama, maji yanataka kupita zake. Kazi ya mtengeneza tangi ni kuvishika vyote hadi vimalizane. Injinia aliliita riakta. Sisi tulizoea kuliita tangi la harufu.

Tangi la zamani lilistahili jina hilo. Lilikuwa fupi na nene, lilinunuliwa likiwa limeshatumika mahali pengine, na moshi uliingia chini kwa bomba moja lenye mdomo wazi. Ulipanda kwa mafundo makubwa ya mapovu kama maboga, yakilia bulu, bulu, ukafika juu na kutoka kwenye bomba la nje kabla maji hayajaugusa. Tukapata hasara mbili kwa moto mmoja. Sukari ilitoka ya njano kama mchanga, na moshi ambao ungeisafisha ulishuka kwenye nyumba za majirani, watu wakakohoa na mboga zikaungua.

Jirani wa karibu kabisa alikuwa Mama Getruda, mjane mwenye bustani ya matembele ukutani kwa kiwanda. Kila asubuhi ya msimu wa kusaga alichuma majani yaliyoungua, akayafunga fungu kama la sokoni, akapita getini bila kumsalimu mlinzi na kuliweka juu ya meza ya mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima. Maneno yake yalikuwa yaleyale.

"Mboga yenu hii. Mmeipika wenyewe, kuleni."

Mwenyekiti alikuwa mkulima wa miwa kama wengine na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akilisogeza fungu pembeni na kusema pole mama, na kesho yake linakuja jingine. Mwishowe ikaja barua ya ofisi ya mtaa yenye amri. Msimu ukiisha na moshi ungali unashuka kwenye nyumba za watu, kiwanda kifungwe. Kikifungwa, miwa ya wanachama, dada yangu akiwa mmojawapo, ingebaki shambani ikauke. Mjue basi kwamba tangi hili halikutengenezwa kwa ajili ya maonyesho. Tulilitengeneza kwa sababu tulikuwa tunafukuzwa.

Kuna mtu lazima nimtaje kabla sijaendelea, Mzee Abdalla, fundi mkuu wa karakana. Alitokea Tanga, akafuata kazi za sukari mkoa hadi mkoa, na kwetu ndiko alikozeekea. Alikuwa na kikombe cha bati chenye chumvi, akakiweka kando ya jiko la salfa. Sisi tulidhani ni chumvi ya kulia mihogo. Kumbe kila asubuhi alikuwa anaibonyeza ile chumvi kwa kidole. Mnajua asubuhi za bonde hili, ukungu unalala mpaka jua lipande. Hewa yenye unyevu ikiingia kwenye jiko la salfa, moshi wake unageuka tindikali na kula mabomba kutoka ndani. Ndiyo maana hewa hupitishwa kwanza kwenye sanduku la chokaa kavu, chokaa inywe unyevu. Lakini utajuaje kwamba chokaa imeshiba? Chumvi ya Mzee Abdalla ilikaa pale hewa inapotoka sandukuni; akiikuta imelowa alisema "badilisheni", na tukabadilisha. Siku hizi mna kipimo cha kioo ukutani. Ni kizuri, kitumieni. Ila umeme ukikatika, chumvi haikatiki.

Sasa mkutano. Injinia Masanja alikuwa kijana, Msukuma mrefu, mpole, mwenye utani wa chinichini. Chama kilimwajiri msimu uleule wa barua. Alitukusanya karakana akatueleza wazo lake la kurefusha bomba la nje ili moshi utokee juu zaidi upeperuke. Niliona moyoni kwamba moshi huo ungempita tu Mama Getruda uende kumwangukia mwingine, na sukari ingebaki njano vilevile. Nilijua tatizo lilikuwa ukubwa wa yale mafundo. Pembeni yangu alikaa Skolastika wa maabara, ambaye nilikuwa nimeshamwambia mawazo yangu. Akanikanyaga mguu. Nikatazama chini. Akanikanyaga tena. Mkutano ukaisha nikiwa na maumivu ya vidole na sijasema neno.

Skola aliwatangazia wenzetu chakulani kwamba kaka Beni, yaani mimi, husema sentensi mbili kwa siku, na ya pili huwa kwaheri. Wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha akaniambia taratibu kwamba kama mdomo umegoma, basi nitumie mikono.

Nikatumia mikono. Nilichukua dumu angavu la maji, lile la kugeuza juu ya mashine za maji ya kunywa ofisini, nikalikata kitako, nikaliweka kichwa chini na kuingiza mpira wa pampu ya baiskeli kwenye shingo. Halafu nikasuka kwa waya kitu kama kikapu bapa cha kuenea humo ndani. Kwetu Mofu kila mtoto anakijua, ni kama kitako cha mgono, ule mtego wa samaki unaosukwa kwa fito. Nimelelewa na shangazi yangu Anjela aliyekuwa anasuka migono na kuiuza. Ukiusukuma mgono kwenye tope la kinamasi, hewa iliyolala chini inafumuka, na ikipita kwenye fito inatoka imekatikakatika, mapovu madogo yasiyo na haraka. Nilikuwa nikiyatazama nikiwa mdogo hadi shangazi ananiuliza kama nimekuja kuvua au kusali.

Nilimwita Injinia nyuma ya karakana. Skola akashika simu kupiga video. Nikapampu bila mgono, fundo likaruka juu na kupasuka. Nikaweka mgono, nikapampu tena. Maji yote yakajaa vipovu vidogo, vinapanda kwa uvivu kama watu wanaotoka kanisani. Injinia akasema rudia. Nikarudia. Akasema rudia tena, mpaka mkono ukaniuma.

"Hii umeisoma wapi?" akauliza.

"Mofu."

"Mofu kuna chuo?"

"Kuna matope."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaenda ofisini kwake, na jioni alirudi na kurasa za hesabu akaniketisha. Hapo nataka mnisikilize, maana vijana wengine mnapenda kusimulia habari hii kana kwamba fundi alimshinda msomi. Hakuna aliyeshindwa. Mimi nilijua mapovu yanakatikaje, yeye alijua mangapi yanahitajika na tangi liwe na urefu gani ili yasifike juu kabla ya kazi kuisha. Aliniambia kipovu kinafanya kazi kwa ngozi yake tu, moshi ulio katikati ya fundo kubwa haugusi maji. Nikamwambia ni kama bonge la ugali, ukiliacha zima linakaa na moto ndani, ukilimega vipande linapoa mara moja. Akaandika neno ugali pembeni ya hesabu zake. Karatasi hiyo ninayo.

Tukakubaliana tangi liwe refu na jembamba. Maji ya miwa na chokaa yaingie juu yashuke, moshi uingie chini upande, na katikati migono ya chuma imelazwa ghorofa kwa ghorofa ili vikutane kila hatua. Mwenyekiti alitoa ruhusa kwa shingo upande, na kwa sharti kwamba mpango huo ukishindikana tutarefusha bomba, basi.

Wakati wa kutengeneza, Mzee Abdalla alinifundisha jambo moja nikiwa nimelala sakafuni. Nilikuwa nimetoboa matundu ya bomba la moshi upande wa juu, mstari ulionyooka, nikajisifu kimoyomoyo. Akaja, akalala chini ya bomba kama fundi wa magari, akanipigia sakafu kwa kiganja nilale pembeni yake.

"Unga unazama au unapanda?"

"Unazama, mzee."

"Sasa umeuachia midomo wazi ya nini?"

Tukabaki tumelala pale, wanaume wawili wazima, tunatazama bomba. Niliziba matundu yote, nikatoboa mengine upande wa chini. Moshi utajitafutia njia ya kupanda, lakini unga ukiingia ndani ya bomba hautoki. Mkiona popote duniani bomba la namna hii lenye matundu juu, laleni chini mmwite aliyelitoboa.

Sasa aibu yangu, ambayo ina faida kwenu kuliko sifa zangu. Migono mitano ya kwanza niliisuka kwa waya mwembamba, ikakazana hata ncha ya kalamu haikupita. Nilitaka Injinia aone mikono yangu. Watu walikuja kuishika, wakasema ni kama shuka. Mzee Abdalla aliitazama akasema, "Inapendeza," akaenda kunawa mikono. Kwa Mzee Abdalla hilo lilikuwa neno la mapambo ya harusi, na kazi nzuri hakuipa jina hilo hata siku moja. Nilipaswa kushtuka. Sikushtuka.

Tukawasha asubuhi. Skola alifunga karatasi ya bluu ya kupimia tindikali, iliyolowa maji, kwenye ncha ya mti mrefu, akaipeleka kwenye mdomo wa bomba la nje. Msiweke pua pale kamwe, moshi ule unafunga koo. Zamani karatasi hiyo ikigusa pale tu iligeuka nyekundu. Mara hii ilibaki bluu. Tukashikana mikono. Kabla ya saa sita mchana unga umeshaganda kwenye zile nafasi finyu, ukoko kama wa wali chini ya sufuria, na migono imeziba. Maji yakakosa pa kushukia. Yakapanda, yakachanganyika na moshi, na povu likaanza kutoka kwenye bomba la nje, jeupe, tamu, linanuka, likaangukia paa, pikipiki ya mwenyekiti na karani wa mizani akiwa anaandika. Nyuki wakavuka mto kuja kusaidia. Mama Getruda, ambaye siku hiyo alichelewa kuleta fungu lake, alisimama getini akatazama yote.

"Siku zote mlinipikia mboga tu," akasema. "Leo mmetia na sukari."

Alasiri tulikusanyika karakana, wote tunanata. Mwenyekiti aliongea kwa upole, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kugomba. Alisema tumejaribu, sasa lirudishwe tangi la zamani, na kesho atatafuta mabati ya kurefusha bomba. Injinia alikuwa anapekua hesabu zake akitafuta kosa, na nilijua hatalipata, kwa sababu halikuwa humo. Lilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimeshika mgono mmoja uliotolewa, mzito kwa ukoko, na nikakumbuka sauti ya shangazi Anjela kama jana.

Shangazi alisuka migono ya aina mbili. Wa kiangazi aliukaza, maana maji ni machache na safi, na visamaki ni vidogo. Wa masika aliuachia nafasi kubwa, kwa fito nene. Maji ya mafuriko yanabeba matope na majani, mgono uliokazwa unajaa takataka na mto unaubeba. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Mtoto yeyote wa Mofu akipeleka mgono wa kiangazi mtoni wakati wa masika anachekwa mwaka mzima. Na mimi, mtu mzima, nilikuwa nimeuweka ndani ya maji yenye chokaa, yaani mafuriko hasa, kwa sababu nilitaka usifiwe.

Skola alikuwa pembeni yangu. Safari hii hakunikanyaga.

"Nimekosea mimi," nikasema.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, hata mtu wa grinda akazima mashine. Nikasema tangi halina kosa na hesabu hazina kosa. Nimesuka mgono wa kiangazi, na haya ni maji ya masika.

Injinia alinitazama asielewe. Lakini mwenyekiti naye alizaliwa kando ya mto. Akainua uso.

"Huo wa masika, kidole kinapita?"

"Vinapita viwili."

Akafikiri. Nje nyuki walikuwa bado wanahangaika na pikipiki yake.

"Siku nne, Benedikti. Ya tano naenda kununua mabati."

Siku nne zile sikumbuki nilikula nini. Injinia alipoelewa alikaa na kalamu, akasema nafasi zikiwa kubwa vipovu navyo vitakua kidogo, kwa hiyo niongeze migono miwili. Tukatumia fito nene za chuma badala ya waya. Mzee Abdalla alikuja na wazo la droo, kwamba migono isichomelewe ndani ya tangi, iingie kwa pembeni kama droo za kabati, na kuwe na seti ya pili, ili zamu zikibadilishana michafu itoke na safi iingie. Ndivyo mnavyofanya mpaka leo, na najua mnalalamika kugonga ukoko. Gongeni. Shangazi naye alikuwa anakung'uta migono kila asubuhi. Siku ya nne mzee alizunguka tangi mara mbili, akavuta droo, akairudisha, akavuta tena. Hakusema inapendeza. Alisema, "Washa."

Tukawasha. Karatasi ya Skola ilibaki bluu saa ya kwanza. Saa sita mchana watu wote waliacha kazi wakaja kutazama juu, wengine wamejikinga kwa mabeseni. Hakuna povu lililotoka. Jioni karatasi ilikauka kwenye mti wake ikiwa bluu. Keshokutwa yake Skola alikuja karakana na kiganja amekifumba kama amemshika kifaranga, akakifumbua mbele yangu, na ndani mlikuwa na sukari nyeupe kama chumvi ya Mzee Abdalla. Mzee aliionja kwanza, kuhakikisha siyo ya kikombe chake.

Wengi mnadhani habari iliishia hapo. Lakini barua haikuuliza habari za sukari, iliuliza habari za moshi, na Mama Getruda aliendelea kuja. Wiki ile yote alileta mafungu, maana majani yaliyokwisha kuungua hayafufuki. Mwenyekiti alikuwa akinitazama kila fungu linapotua mezani. Mimi nilikuwa nikiyahesabu madoa. Siku moja niliona jani lenye doa moja tu. Kesho yake fungu lilikuwa dogo.

Halafu ikaja asubuhi ambayo hakutokea. Mlinzi alikaa na geti wazi akimsubiri. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Nikaingiwa na wasiwasi kwamba mama anaumwa, nikazunguka ukuta kwenda kwake. Nilimkuta ameinama bustanini, kanga imefungwa kiunoni, anachuma. Matembele yalikuwa yametambaa hadi kwenye ukuta wetu na kuupanda, kijani tupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mbio, kuna msiba?"

"Hukufika kiwandani leo."

Alijinyoosha, akashika mgongo, akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga.

"Nije kufanya nini? Sina cha kuwaletea."

Nilirudi nikikimbia, fundi mwenye mvi, nikapita getini, nikapita karakana watu wakiniita, nikafungua mlango wa mwenyekiti bila kubisha hodi. Injinia na Skola walikuwemo. Nikasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye mizani, "Mama Getruda hana cha kutuletea."

Mwenyekiti alitazama meza yake, mahali pale pa fungu la kila asubuhi. Kisha akapapangusa kwa kiganja, polepole, ingawa hapakuwa na kitu.